Aliyekufa Maji Wakati wa Ukame

Kufa maji katika mji ambao watu wanaoga kwa kikombe ni kifo cha dharau, na dereva wa boza alikufa kifo hicho. Walimtoa asubuhi kwenye tangi la chini la shamba la maua, amevimba, kucha zimekatika kwa kuparua zege. Habari zilifika mjini kabla maiti haijapakiwa kwenye gari. Wachache walisikitika. Wengi walisema malipo ni hapa hapa duniani, wakasogeza ndoo zao mbele kwenye foleni.

Walikuwa na sababu. Mwezi uliopita vijana waliojiita Walalao walilala barabarani mbele ya geti la shamba hilo, kila mmoja na ndoo tupu tumboni, kuyazuia maboza yasipeleke maji kwenye maua wakati wagonjwa mjini hawana ya kunawa. Maboza yote yalisimama. Moja halikusimama. Likamuua msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi. Dereva akasema breki zilikataa, polisi wakaandika kwamba breki zilikataa, na dereva akarudi kazini kama aliyekanyaga kuku.

Inspekta aliyepewa kesi ya dereva aliitwa Kupe na wenzake, kwa kuwa akishika hang'oki. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa tangi wakati mkuu wake wa kituo alipompigia simu.

"Kupe, acha kuchungulia mashimo. Kijana amekiri."

"Kijana gani?"

"Fundi baiskeli, kaka yake yule binti. Tumemkamata jana usiku, viatu bado vimelowa. Niambie, nani mwingine ana viatu vilivyolowa katika mji huu?"

"Amekirije, afande?"

"Amesema 'nimemuua mimi'. Ulitaka aimbe? Kesho asubuhi anafika mahakamani. Kuua kwa kukusudia. Njoo uweke sahihi, twende tukalale."

Kosa hilo adhabu yake ilikuwa kitanzi. Kupe aliirudisha simu mfukoni bila kuaga, akaendelea kuchuchumaa. Hakuwa mtu wa huruma nyingi, lakini aliudhika sana kazi ikifungwa kabla haijaanza.

Jinsi dereva alivyokufa haikuwa na fumbo. Siku ya tukio tangi lilikuwa limekaushwa ili lisuguliwe, na mameneja wa pale, ili wasilipe vibarua, huwatuma madereva. Aliteremka na brashi. Mtu akaivuta ngazi ya chuma, akafungulia maji na kukishusha kifuniko. Kuta zilikuwa laini na ndefu kupita mikono ya mtu, na dereva hakujua kuogelea. Angejifunzia wapi?

Kilichomsumbua Kupe kilikuwa ua wenyewe. Ulikuwa wa zege, na juu ya zege kulikuwa na vumbi jepesi la wiki nyingi. Halikuwa limeguswa na tone. Tangi lilijaa hadi shingoni, halafu maji yakafungwa. Muuaji alikaa akasubiri, kisha akafunga. Mtu anayeua kwa hasira hukimbia.

"Bado tu?" Meneja wa shamba alikuja akijipepea kwa kofia. Nyumba yake ilikuwa hatua chache nyuma ya ua, na bustani yake ilikuwa kijani kibichi cha kuchokoza. "Mnayo shingo ya mtu tayari. Hao Walalao wangefungwa wote mapema, haya yote yasingetokea. Wafanywe mfano, afande. Mmoja akinyongwa, wengine watalala kwao."

"Nani aligundua maiti?"

"Mimi. Yaani, maji yangu. Nilioga jana asubuhi yananuka, nikapuuza. Jioni yananuka zaidi, mke wangu akatapika. Ndiyo nikawaambia wafunue leo asubuhi."

"Tangi hili linalisha nyumba yako tu?"

"Hapana. Linalisha kambi ya wafanyakazi, zahanati ya shamba, na mimi. Maua yana bomba lao."

"Kambini hawakulalamika?"

Meneja alicheka. "Wale? Wakilalamika kila kitu wataota mvi."

La kuvunda halina ubani, Kupe aliwaza, lakini pua zilizonusa zilikuwa za nyumba moja tu. Aliuzunguka ukuta mfupi nyuma ya tangi. Hapo palikuwa na koki tatu za kutolea maji, kila moja na gurudumu lake la chuma. Ya nyumba ya meneja ilikuwa wazi. Ya kambi na ya zahanati zilikuwa zimefungwa hadi mwisho, na juu ya kila gurudumu kulikuwa na kitambaa kilichofungwa kwa mafundo mawili.

"Hivi ni vya nani?"

"Takataka hizo. Upepo."

"Upepo haufungi fundo, mzee."

Kupe alishaviona vitambaa vya aina hiyo. Mwaka uliotangulia bomba la maji machafu lilipasukia kwenye bomba kuu mtaani kwake, na watu wa mamlaka ya maji wakapita wakifunga vitambaa kwenye kila koki. Fundo moja lilimaanisha matengenezo. Mafundo mawili: maji hayanyweki. Mke wa jirani alitaka kukifungua, na fundi aliyekuwa pale, mtu mpole kabisa, alimkemea hadi akalia. Kwenye kazi ile kuna sheria moja wasiyoivunja hata wakilewa: aliyefunga ndiye afunguaye, kwa sababu ni yeye pekee anayejua kilichomo ndani.

Kwa hiyo aliyemuua dereva aliwahurumia watu wa kambi. Akawahurumia na wagonjwa. Meneja akamwachia aoge.

"Kitu kimoja cha mwisho," Kupe alisema. "Maji ya kuingia hufunguliwa wapi?"

Meneja alionyesha kifuniko kidogo cha chuma ardhini. Kupe alikiinua. Chini, urefu wa mkono mzima, kulikuwa na kichwa cha mraba cha valvu. Hakuna gurudumu.

"Mnafungua kwa kifaa gani?"

"Hatufungui sisi. Watu wa maji wana spana yao ndefu. Wanakuja, wanafungua, wanasoma mita, wanakwenda zao."

Kupe alimwita askari aliyekuwa getini, akamwamuru asimame kwenye zile koki na mtu yeyote asiguse vile vitambaa, hata meneja mwenyewe. Meneja alinung'unika kwamba pale ni kwake.

*

Fundi baiskeli alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, miguu mitupu, mikono imefungwa pingu mapajani. Alikuwa na macho ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi zilizopita. Viatu vyake vilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko.

"Nieleze ulivyomuua."

"Nimeshaeleza."

"Umeeleza kwa mkuu. Mimi sijasikia."

"Nilimkuta ndani ya tangi. Nikatoa ngazi. Nikafungulia maji. Ningekuwa na maisha mawili ningemuua mara mbili, andika na hilo. Dada yangu alikuwa anapiga kelele, 'Simama! Simama!' Yule bwana alimwona. Alikuwa anamtazama usoni."

Hapo kijana hakuwa anaigiza.

"Ulipofungulia maji, ulizungusha gurudumu kulia au kushoto?"

"Kushoto."

"Kwa nguvu?"

"Lilikuwa gumu. Nilitumia mikono miwili."

"Ile valvu haina gurudumu, baba."

Kijana alifumba mdomo. Kupe alifungua mfuko, akakitoa kiatu kimoja na kukigeuza. Soli ilikuwa imeshiba tope jekundu, na ndani ya tope mlikuwa na petali za waridi zilizopondeka.

"Ua wa tangi ni zege kavu. Hili tope ni la kwenye matuta. Mlikuwa mnakata mipira ya kumwagilia maua, na wenzako, wajinga wa watu, wamejirekodi kwenye simu wakishangilia. Wewe ndiye mwenye kisu. Kwenye picha hizo jua liko pale pale lilipokuwa dereva akiteremka tangini. Sasa, kukata mpira ni faini. Kuua ni kamba. Mtu mwenye akili hakimbii faini akakimbilia kamba. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu."

"Haya. Aliyemuua alifunga koki mbili za kutoa maji, akaacha vitambaa. Kwa nini uliweka vitambaa?"

Kijana aliinua kichwa upesi mno. "Vina mafundo mawili?"

Kupe hakuwa ametaja mafundo, na kijana aliligundua kosa lake sekunde ileile. Alijaribu kusimama, pingu zikamrudisha chini.

"Nimeua mimi!" alipiga kelele. "Niandikeni! Mnataka nini zaidi? Niandikeni mimi!"

Mkuu wa kituo, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, alitabasamu. "Unasikia? Anaomba mwenyewe."

"Nasikia, afande. Sijawahi kuona muuaji anayeogopa kuachiwa. Nipe hadi kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi gari linaondoka. Na yeye yumo."

*

Mlinzi wa geti la shamba alikuwa mzee mwenye meno machache na maneno mengi. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba siku ya tukio hakuingia mtu, labda panya.

"Si madereva?"

"Ukimtoa marehemu, wote walikuwa wamezuiwa na wale walalaji kule barabarani."

"Si Walalao wenyewe?"

"Wengine wao walipita kwa nyuma, kwenye matuta. Huku kwangu, hakuna mtu."

"Na msoma mita?"

"Aa, huyo si mtu, huyo ni wa maji! Mama Mgao. Huja kila siku."

"Mama Mgao ndiye nani?"

"Humjui Mama Mgao? Mji mzima unamjua! Ndiye anayefungua valvu za mamlaka. Leo mtaa huu, kesho ule. Watu humletea maneno matamu ili awakumbuke. Na hapa alikuja siku zote, maana amri ni shamba lipate kwanza." Mzee alishusha sauti, na uso wake ukaacha kucheka. "Kazi mbaya ile, afande. Yeye anafungua maji ya maua, binti yake, yule marehemu, alikuwa akilala barabarani kuyazuia. Nyumba moja, sufuria moja. Sijui walikuwa wanaongea nini wakati wa kula."

Kupe aliacha kuandika. Kwenye maelezo ya kijana palikuwa na neno moja tu kuhusu mzazi: mama, mjane. Hakuna aliyejali kuuliza mjane huyo anafanya kazi gani.

Angeweza kumfuata nyumbani na pingu. Lakini alikuwa na nini? Spana ambayo mamlaka nzima inayo. Mafundo ambayo kila fundi anayajua. Mkuu wake angecheka, na gari la asubuhi lingeondoka na kijana. Alihitaji mkono wenyewe uje kwenye fundo.

Alfajiri, kabla mkuu hajaamka, alilisimamia tangi likisuguliwa kwa dawa, likajazwa maji mapya na fundi mwingine. Kisha akaitumia mamlaka ya maji ujumbe mfupi: tangi la shamba la maua ni safi, vitambaa viwili bado vipo, kambi na zahanati hazina maji, aliyefunga aje afungue.

Wanawake wa kambi walikuwa wamekwishajipanga na ndoo mbele ya bomba lao kavu. Mmoja alimwuliza Kupe kwa nini askari mzima, na bunduki, analinda kitambaa. Kupe alisema na yeye anajiuliza.

Mama Mgao alikuja kwa miguu, amevaa koti la bluu la mamlaka, spana ndefu begani kama jembe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyewahi kuchelewa. Alimwona askari. Alimwona Kupe. Alizitazama zile ndoo. Kwa kitambo kidogo alisimama, na Kupe aliona wazi kwamba ameelewa kila kitu, mtego na aliyeutega. Kisha akaitua spana chini, akapiga magoti kwenye koki ya kambi na kuvifungua vile vifundo kimoja kimoja, polepole, bila kukata kitambaa. Akafungua koki. Akahamia ya zahanati.

"Shikamoo, mama," Kupe alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ungeniita tu. Ningekuja."

"Kijana wako amekiri kumuua dereva. Anapelekwa mahakamani asubuhi hii."

Mikono yake ilisimama juu ya gurudumu. "Waliniambia amekamatwa kwa ajili ya mipira ya maua."

"Hiyo aliikata. Lakini amesema na hili ni lake."

"Mjinga," alisema, na neno lilitoka kwa upendo mwingi. "Siku ile nilirudi nyumbani nikala. Sikuwa nimekula chakula cha maana tangu tumzike dada yake. Aliniangalia nikila hadi nikamaliza. Akaondoa sahani." Alisimama, akajifuta magoti. "Haya. Mtoe mwanangu. Nimemuua mimi, kwa mikono hii, na sijuti. Piga hiyo simu kwanza, mengine nitakwambia."

Kupe alipiga simu, mkuu akatukana, gari likasimamishwa. Mama alisikiliza hadi mwisho ndipo alipoketi kwenye ukuta mfupi.

"Nilikuja kusoma mita, nikasikia mtu anaimba ndani ya tangi," alisema. "Anaimba! Nikachungulia, ni yeye. Nikatoa ngazi. Akadhani natania. Nikafungulia, maji yakamfika magotini, akaanza kulia. Nikamwambia, nataka neno moja. Breki zilikataa? Akaapa zilikataa. Maji yakafika kiunoni. Nikamwuliza tena. Yalipofika kifuani, akasema kweli."

"Akasemaje?"

"Breki zilikuwa nzima. Meneja alimwambia kwenye redio ya boza, 'Pita. Watatoka wenyewe. Ukisimama leo, kesho huna kazi.' Alinisihi, 'Mama, nitakwenda polisi, nitakwenda hata mahakamani, nitasema yote, teremsha ngazi.' Nilimwamini, unajua? Alikuwa anasema kweli." Alivuta pumzi. "Sikuteremsha. Binti yangu naye alisema simama. Nikafunika."

"Ukaziba koki mbili, ukamwachia meneja yake."

"Anywe. Yeye ndiye aliyeutaka huu mji uwe na kiu."

Chuki iliyokuwa usoni pake ilikuwa tulivu na safi, na Kupe, aliyeona wauaji wengi wakitetemeka, alijikuta anaiheshimu. Ndiyo maana lililobaki lilimwia gumu kulisema.

"Mama, pale tangini mlikuwa wawili tu?"

"Wawili."

"Na siku ya barabarani, aliyesikia maneno ya redio ni nani?"

"Dereva. Alikuwa peke yake ndani ya gari." Alimtazama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nikimkamata meneja leo, atasema breki zilikataa. Karatasi inasema hivyo. Mtu mmoja tu duniani alijua vingine, na alikubali kwenda kusema."

"Nitasema mimi! Amenitamkia mimi!"

"Wewe ndiye uliyemuua, mama. Wakili wake hatahitaji hata kusimama."

Kupe aliyaona maneno yakimwingia, taratibu, hadi yakafika chini. Midomo yake ilisogea kama anahesabu, kisha ikaacha.

"Kwa hiyo nimemwokoa," alisema.

Kambini maji yalikuwa yameanza kugonga vitako vya ndoo, na wanawake wakicheka kwa sauti wakigombania zamu. Mama Mgao aliiinamia mikono yake, akalia kilio kisicho na sauti, mabega yakirukaruka, kilio ambacho Kupe hakuwa na la kukifanya zaidi ya kusimama karibu nacho.

Mlango wa nyumba nyuma ya ua ulifunguliwa. Meneja alitoka barazani na taulo shingoni, nywele bado zinachuruzika. Alimwona yule mwanamke, akaona askari amejiweka tayari, na uso wake ukachanua.

"Kumbe ni huyu! Afande, kazi nzuri sana!" aliita, akipunga mkono. "Asante! Asanteni wote!"

Mama Mgao aliinua kichwa. Mkono wake ulikwenda kwenye spana, upesi, kwa uhakika wa mtu anayekijua chombo chake, na Kupe akaikanyaga kabla haijainuka kutoka ardhini. Alibaki ameikanyaga kwa muda mrefu, akimtazama meneja akijikausha masikio, na moyoni alijuta kwamba aliwahi.